Neno "Baniani": Maana Zake na Asili Yake

Katika Kiswahili cha mwambao neno Baniani ni la zamani, nalo lajulikana na wengi kwa ajili ya methali moja kuliko kwa ajili ya watu wenyewe waitwao kwa jina hilo. Mtoto husikia shuleni kwamba "Baniani mbaya kiatu chake dawa" kabla hajamwona Baniani yeyote, na ikiwa amezaliwa mbali na miji ya biashara yamkini ataishi mpaka uzee asimwone. Makamusi humweleza Baniani kuwa ni Mhindi afuataye dini ya Kihindu. Maelezo hayo yalingana na matumizi ya watu wengi, lakini hayatoshi, kwa kuwa neno hilo lilipozaliwa halikuwa jina la dini. Lilikuwa jina la kazi. Jinsi jina la kazi lilivyogeuka kuwa jina la dini, na hasara iliyotokana na mageuzi hayo, ndiyo mambo yanayokusudiwa kuelezwa hapa.

Mzizi wa neno

Asili ya neno hili ni Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi ambayo kwayo vitabu vitakatifu vya Wahindu viliandikwa. Katika lugha hiyo vanij ni mfanyabiashara, na vanijya ni biashara. Umri wa neno ni mkubwa. Vanij latajwa katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za ibada ambao wataalamu hukadiria kuwa ulitungwa kati ya mwaka wa 1500 na 1000 K.K. Kwa hiyo, wakati ambapo miji mingi inayosifiwa leo kwa biashara haijajengwa, mchuuzi wa Bara Hindi alikwisha kuwa na jina lake.

Lakini kwa Wahindu wa kale biashara haikuwa njia ya kupata riziki tu. Ilikuwa sehemu ya utaratibu wa dini. Katika Rigveda, kitabu cha 10, wimbo wa 90, husimuliwa habari za Purusha, kiumbe wa kwanza mwenye ukubwa usio kifani, aliyetolewa sadaka na miungu ili ulimwengu upate kuwako. Kinywa chake kikawa Mabrahmani, yaani makuhani na wanavyuoni. Mikono yake ikawa watawala na wapiganaji. Mapaja yake yakawa Mavaishia. Na katika miguu yake wakatoka Mashudra, yaani watumishi. Daraja la tatu, la Mavaishia, ndilo lililokabidhiwa mali ya dunia. Bhagavad Gita, katika sura ya 18, beti ya 44, yataja kazi zao kuwa tatu: kulima, kuchunga ng'ombe na vanijya. Sheria za Manu zaongeza kutoa sadaka, kusoma Veda na kukopesha fedha kwa faida.

Basi mtu aliyepima nafaka kwa mizani na kuandika hesabu katika daftari alikuwa akitimiza dharma yake, yaani wajibu aliowekewa na dini. Neno vanij lilikuwa na mguu mmoja sokoni na mguu wa pili hekaluni. Yafaa jambo hili likumbukwe, maana ndilo linaloonyesha kwamba uhusiano wa neno Baniani na dini haukuanzia kwa Waswahili wala kwa Waarabu. Mbegu yake ilikuwamo tangu mwanzo, ingawa mti uliochipua haukufanana nayo.

Kwa muda wa karne nyingi Kisanskriti kilizaa lugha nyingine, na neno likabadilika pamoja nazo. Katika Kigujarati mfanyabiashara mmoja ni vaniyo, na wengi ni vaniya. Katika Kihindi cha kaskazini ni baniya. Tofauti ya v na b ni ya kawaida kati ya lugha hizo mbili. Huko Gujarat jina likashika jamii maalumu za watu, zenye ndoa zao, vyama vyao na miiko yao. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: hao vaniya hawakuwa wa dini moja. Wengine walikuwa Wahindu, hasa wafuasi wa Vishnu, na wengine walikuwa Majaini, watu wa dini nyingine isiyokubali mamlaka ya Veda, ambayo sharti lake kubwa ni kutodhuru kiumbe chochote. Hata nyumbani kwao, jina hilo peke yake halikutosha kuonyesha mtu aabuduje.

Safari ya neno baharini

Bandari za Gujarat na Kutch, kama Khambat, Surat, Diu na Mandvi, zinaikabili bahari ile ile inayopiga fukwe za Lamu na Kilwa. Pepo za kaskazi zilizileta marikebu Afrika Mashariki na pepo za kusi zikazirudisha. Zilileta nguo za pamba na shanga, zikachukua pembe za ndovu na vitu vingine vya bara. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 alikuta huko merikebu nne za Wahindi. Wareno hao, ambao hawakuwa wamepata kuonana na watu wa dini ya Kihindu, waliwadhania kuwa Wakristo wa namna ya kigeni. Hata hivyo mwandishi wa habari za safari ile hakukosa kuandika kwamba watu hao walisema hawali nyama ya ng'ombe.

Kosa la Wareno lilisahihishwa upesi. Duarte Barbosa, aliyetumikia serikali ya Kireno katika Bara Hindi na kuandika kitabu chake yapata mwaka wa 1516, aliwaeleza wafanyabiashara wa Gujarat akiwaita Baneanes. Alistaajabu kuwaona hawali nyama wala samaki, wala hawaui hata mdudu. Alieleza pia jinsi watu wengine walivyowaletea ndege na wadudu walio hai, wakitishia kuwaua mbele yao, na jinsi Baneanes walivyotoa fedha kuwanunua ili wawaachilie huru. Ni dhahiri kwamba mwandishi huyu alivutwa na miiko yao kuliko biashara yao. Wafanyabiashara alikuwa amekwisha kuwaona wengi duniani, lakini mfanyabiashara anayenunua shomoro ili amwachilie aruke alikuwa hajamwona.

Hivyo ndivyo mabadiliko ya maana yalivyoanza. Nyumbani Gujarat, vaniyo alitofautishwa na mkulima, mfinyanzi na mshona viatu kwa kazi yake. Katika bandari za ugenini mkulima na mfinyanzi hawakuwapo. Karibu kila mtu wa Bara Hindi aliyeonekana huko alikuwa mfanyabiashara, kwa hiyo kazi haikuweza tena kuwa alama ya kumpambanua. Alama iliyobaki machoni pa wenyeji ilikuwa dini yake: chakula chake, mavazi yake, na jinsi alivyowazika wafu wake, au tuseme, jinsi alivyowachoma.

Waarabu walitumia umbo la Banyan, na mtu mmoja akaitwa Banyani. Carsten Niebuhr, msafiri aliyetumwa na mfalme wa Denmark, alipita Maskati mwaka wa 1765, akaandika kwamba hakuna mji mwingine wa Waislamu wenye Mabaniani wengi kama huo. Aliwakadiria kuwa 1,200. Aliongeza kwamba waliruhusiwa kufuata sheria zao wenyewe, kuweka sanamu majumbani mwao na kuchoma maiti zao. Kusini, katika Kisiwa cha Msumbiji, Wareno nao walikuwa na baneanes wao kutoka Diu, na mwaka wa 1686 chama cha wafanyabiashara hao kilipewa haki ya pekee ya biashara kati ya Diu na Msumbiji. Kwa njia hiyo neno moja lilikwisha kuenea katika pande zote mbili za mwambao wetu, kaskazini kwa Waarabu na kusini kwa Wareno.

Umbo la Kiswahili lenyewe latoa ushahidi wa njia liliyopita. Kama neno lingalitwaliwa moja kwa moja katika kinywa cha Mgujarati, Kiswahili kisingalikuwa na sababu ya kuigeuza v kuwa b, kwa kuwa v tunayo, kama katika vita na vumbi. Tena ile n ya pili, ambayo haimo katika vaniyo wala katika baniya, imo katika Banyan ya Waarabu na katika baneane ya Wareno. Kwa kuwa mwambao ulifungamana na Omani kwa utawala, kwa ndoa na kwa biashara, na kwa kuwa Banyani ya Kiarabu yalingana na Baniani yetu mpaka irabu ya mwisho, njia ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu zaidi.

Baniani wa Unguja

Neno lilipata uzito wake mkubwa katika karne ya 19, zama za Sultani Said bin Sultan, aliyehamishia kiti chake Unguja na kufariki mwaka wa 1856. Katika utawala wake ushuru wa forodha haukukusanywa na makarani wa serikali. Ulikodishwa: mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa faida yake. Tangu miaka ya 1830 forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Bhatia kutoka Mundra katika nchi ya Kutch, na nyumba yake ya biashara iliendelea kuishika kwa muda mrefu. Wakala wake, Ladha Damji, alikuwa mtu ambaye misafara ya bara na wageni wa Ulaya hawakuweza kumpita.

Mabaniani wa zama hizo wengi walikuja bila wake zao, wakakaa miaka kadhaa, kisha wakarudi Kutch. Walijipikia wenyewe ili chakula chao kisipate unajisi, wakafuga ng'ombe kwa ajili ya maziwa, na hawakuoa katika jamii za mji. Kwa sababu hiyo walikuwa karibu sana na watu katika daftari la madeni, na mbali sana nao katika sinia ya chakula. Mji ambao undugu wake ulifungwa kwa kula pamoja na kuoana ulimwona mtu wa namna hii kuwa mgeni siku zote, hata kama amekaa miaka thelathini.

Kwamba neno lilikuwa limekwisha kuwa la dini katika wakati huo kwaonyeshwa wazi na mfano wa Taria Topan. Huyu naye alizaliwa Kutch, naye alikuwa mfanyabiashara mkubwa, akamkopesha Tippu Tip mali ya misafara yake, na katika miaka ya 1870 akashika forodha ile ile iliyoshikwa na nyumba ya Jairam Shivji. Nchi yake ilikuwa ile ile na kazi ile ile. Lakini Taria Topan alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Yeye ni Khoja, si Baniani. Kama Baniani lingalikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, hapangalikuwa na mtu aliyestahili kuitwa hivyo kuliko yeye.

Katika mji ambao dini ndiyo iliyokuwa swali la kwanza, Mhindi hakuwa Mhindi tu. Aliulizwa ni Mhindi yupi; na majibu yalikuwa Khoja, Bohora, Memoni au Baniani. Ikumbukwe pia kwamba jina Mhindu nalo halikuanza kuwa la dini. Asili yake ni Sindhu, jina la mto mkubwa wa kaskazini-magharibi ya Bara Hindi. Waajemi walilitamka Hindu, Waarabu wakaiita nchi al-Hind, nasi tukapata Mhindi kwa mtu na Hindi kwa nchi. Jina la mto likawa la nchi, la nchi likawa la watu, na la watu likawa la dini. Wahindu basi wana majina mawili katika lugha yetu, na yote mawili walipewa na majirani wasiokuwa wa dini yao. Moja lilitoka katika mto na jingine lilitoka katika duka.

Ngeli ya neno

Sarufi nayo ina neno la kusema. Twasema Mhindi na Wahindi, lakini Baniani na Mabaniani. Majina ya kigeni yanayopokea ma- katika wingi na kuambatana na viambishi vya watu ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kazi na vyeo: karani na makarani, seremala na maseremala, bepari na mabepari. Aina ya pili ni ya jamii zilizojulikana kwa jina lao la kigeni: Khoja na Makhoja, Bohora na Mabohora, Singasinga na Masingasinga. Baniani laweza kukaa katika nyumba zote mbili bila kubadili vazi. Lilipoacha kuwa jina la kazi na kuwa jina la jamii, sarufi haikuwa na haja ya kulisumbua. Kwa hiyo mageuzi ya maana yalipita kimya, na msemaji hakuona kwamba kuna kitu kilichobadilika.

Pana asili mbili za uongo ambazo yafaa ziondolewe. Ya kwanza ni kulihusisha neno hili na kitenzi kubania, chenye maana ya kuzuia kitu mtu mwingine asikipate. Kubania ni tendo la Kibantu lililotoka katika kubana, nalo halina udugu wowote na vanij. Kufanana kwa sauti ni kwa bahati tu, lakini ni bahati mbaya, kwa sababu mwenye chuki hupata kwayo ushahidi usio ushahidi kwamba ubahili umo katika jina lenyewe. Asili ya pili ya uongo ni kwamba watu hao walipewa jina la mti mkubwa wa Bara Hindi wenye mizizi inayoning'inia, ambao Wazungu huuita banyan. Ukweli ni kinyume. Wasafiri wa karne ya 17 waliuona mti wa namna hiyo karibu na bandari ya Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, ambapo wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamejenga hekalu chini yake, wakauita mti wa Mabaniani. Katika Kisanskriti mti wenyewe ni vata au nyagrodha. Mabaharia wa Kiingereza nao waliziita siku zao zisizo na nyama siku za Mabaniani. Watu ndio waliotoa jina. Miti na siku zililipokea.

Jina lisilolingana na watu

Makosa ya jina hili yalianza kuonekana dhahiri mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka wa 1896 na 1901, vibarua na mafundi wapata 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Baadaye wakaja kwa wingi Wagujarati wa jamii ya Patidar, ambao wengi wao huitwa kwa jina la Patel. Hawa kwa asili ni wakulima. Wakaja pia mafundi wa kushona viatu, waashi, mafundi wa dhahabu, makarani na walimu. Wale waliokuwa Wahindu wote wakaitwa Mabaniani, ingawa katika nchi yao vaniyo na mshona viatu hawangeketi katika mkeka mmoja.

Upande wa pili wa kosa ni wa ajabu zaidi. Majaini wa jamii ya Oshwali, waliotoka vijiji vya Jamnagar na kukaa Kenya, wamo katika jamii zinazohesabiwa kuwa vaniya. Lakini dini yao si ya Kihindu. Kwa maana ya makamusi yetu hao si Mabaniani, na kwa maana ya asili ndio Mabaniani hasa. Na Mabhatia wa Kutch, jamii ya Jairam Shivji mwenyewe, huhesabu asili yao kuwa ni ya Marajputi, watu wa daraja la wapiganaji. Baniani mashuhuri kuliko wote katika historia ya Unguja, akihukumiwa kwa nasaba inayodaiwa na jamii yake, hakuwa vaniyo. Kwa hiyo jina lilimkosa aliyestahili na likampata asiyestahili, nalo likaendelea kutumika bila shaka yoyote kwa sababu wale walioitwa hawakuulizwa.

Neno ndugu: bepari

Ili maana ya mambo haya ionekane vizuri, inafaa neno Baniani lilinganishwe na neno jingine lililotoka katika nchi ile ile na kazi ile ile. Neno hilo ni bepari. Katika Kisanskriti vyapara ni shughuli, na vyaparin ni mwenye shughuli, yaani mfanyabiashara. Kigujarati kina vepari, na Kihindi cha kaskazini kina byopari. Kiswahili kililipokea neno hili kwa maana hiyo hiyo. Katika kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 bepari ni mchuuzi au tajiri wa biashara, wala hana lawama yoyote.

Hali ilibadilika wakati wa siasa za uhuru na ujamaa. Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 lilitumia neno ubepari kwa maana ya mfumo wa uchumi ambao wachache huishi kwa jasho la wengi. Tangu hapo bepari hakuwa tena mchuuzi wa kawaida, alikuwa mnyonyaji. Mama auzaye vitumbua barabarani ni mfanyabiashara, lakini hakuna amwitaye bepari.

Tazama basi hatima ya maneno haya mawili. Yote yalitoka Bara Hindi, na yote yalikuwa na maana ya mfanyabiashara. Baniani lilipoteza biashara likabaki na dini. Bepari lilipoteza Bara Hindi likabaki na biashara, kisha likabebeshwa hatia yake. Lakini katika fikira za watu maneno hayo hayakuachana kabisa. Yule aliyeitwa kwa la kwanza alionekana kuwa mfano ulio tayari wa la pili, hata kama alikuwa mwalimu wa hesabu au karani wa reli mwenye mshahara mdogo. Mwaka wa 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa Tanzania, na sehemu kubwa yalikuwa ya watu wenye asili ya Bara Hindi. Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Amri hiyo iliwakumba Wahindu, Waislamu, Majaini, Masingasinga na Magoa pamoja, wenye maduka na wasio na maduka. Haiwezekani kusema kwamba neno ndilo lililowafukuza; siasa na uchumi vina sababu zake. Lakini lugha inayoita watu wote kwa kazi ya baadhi yao huwa imekwisha andaa njia, kwa kuwa inamfundisha msemaji kuona duka pale alipo mtu.

Methali na kiatu

Twarudi sasa kwenye methali. "Baniani mbaya kiatu chake dawa" hutumiwa kwa mtu tusiyempenda ambaye hata hivyo tuna haja ya kitu chake. Anayeitumia huenda anamsema mkwewe, au mkubwa wake wa kazi, au jirani mwenye kisima. Baniani mwenyewe hayupo katika mazungumzo, amefanywa kielelezo.

Methali hii ina sehemu mbili zisizo na uzito sawa. Sehemu ya kwanza, "Baniani mbaya", haithibitishwi wala haiulizwi. Inachukuliwa kuwa jambo linalojulikana na wote. Sehemu ya pili ndiyo habari mpya. Nayo imechagua kitu cha chini kabisa alicho nacho mtu. Kiatu hukanyaga vumbi, nacho huvuliwa mlangoni, kwa Mwislamu aingiapo msikitini na kwa Mhindu aingiapo hekaluni. Methali inakiri kwamba hata hicho kina faida. Kwa njia hiyo inasema ukweli wa uhusiano wa zamani kuliko ilivyokusudia: mwambao ulihitaji nguo, mkopo na bidhaa za mtu yule, ukavipokea kila siku, na ulipotaka kumshukuru ulishukuru kiatu. Yaweza kusemwa kwa haki kwamba methali ni ya busara kwa sababu inawakataza watu kudharau kilicho chema kwa sababu ya mwenye nacho. Lakini busara hiyo imelipiwa na mtu ambaye hakuwapo kujitetea.

Matumizi ya neno

Leo katika maandishi ya rasmi yafaa Mhindu na Wahindu kwa wafuasi wa dini, Uhindu au dini ya Kihindu kwa dini yenyewe, na Mhindi kwa mtu wa nchi ya India au mwenye asili ya huko, awe wa dini yoyote. Baniani limebaki katika methali, katika masimulizi ya wazee na katika vinywa vya wengine kwa dharau. Si lazima lifutwe. Neno lenye historia ndefu kama hii ni mali ya lugha, na kulifuta ni kufuta ushahidi.

Linalotakiwa ni uangalifu, hasa kwa mfasiri na mwanahistoria. Akutanapo na neno Baniani katika hati ya deni au barua ya karne ya 19, asiridhike kuandika "Mhindu" na kuendelea, wala asiandike "mfanyabiashara" kana kwamba dini haikuwamo. Aangalie mwaka, mahali, na mwandishi aliyelitumia, kwa sababu Baniani wa Barbosa, Baniani wa Niebuhr na Baniani wa Unguja si mtu mmoja. Mtunga kamusi naye angefanya vema kuandika maana tatu kwa utaratibu wa wakati: kwanza mfanyabiashara wa Kigujarati, pili, katika bandari za ugenini, mfanyabiashara wa Bara Hindi asiye Mwislamu, tatu, katika Kiswahili cha karne mbili zilizopita, mtu yeyote wa dini ya Kihindu, pamoja na onyo kwamba pengine hutumika kwa dharau.

Na mwalimu afundishaye methali ile darasani angeweza kutumia dakika tano kueleza kwamba Baniani ni neno lenye zaidi ya miaka elfu tatu, kwamba maana yake ya kwanza ni mtu anunuaye na kuuza, na kwamba kwa dini iliyolizaa kazi hiyo, ikifanywa kwa uaminifu, ni ibada. Mtoto akisikia hayo atajua kwamba mtu wa methali alikuwa na kazi, na imani, na nchi aliyotoka, mbali na kile kiatu.